Hisabati ina kazi gani? Maswali yenu kutoka Lamu

Mwanangu amepata A ya hisabati na anataka kuisomea chuo kikuu. Babake asema mwisho wake ni ualimu tu. Ni kweli? – Mama, mtaa wa Langoni

Ualimu usiutilie "tu", dada yangu. Ndio ulionilisha hapa Amu. Lakini mwambie babake kuhusu James Simons, profesa wa jiometri aliyeongoza idara ya hisabati Stony Brook, Marekani. Mwaka 1978 aliingia kwenye biashara ya fedha, na kampuni yake, Renaissance Technologies, ikapendelea kuajiri wanahisabati na wanafizikia.

Mtu mmoja aliyesomea hisabati atawezaje kushika fani tatu: fedha, mashine zinazojifunza na nadharia ya michezo (hesabu ya maamuzi ya watu wanaoshindana)? – Mwanafunzi wa kidato cha nne

Swali hili nalipenda sana. Tuseme wazee 5 wanakutabiria kila alfajiri kama bahari itatulia, nawe hujui mjuzi ni nani. Anza kwa kumpa kila mmoja uzito wa 1. Anayekosea, mpunguzie uzito kwa nusu: atabaki na nusu, akirudia robo, tena thumni. Kila siku fuata upande wenye uzito mkubwa. Mzee aliye bora akikosea mara 2 msimu mzima, wewe hutakosea zaidi ya mara 10, hata msimu ukiwa wa siku 1,000! Hili limethibitishwa, na halitegemei bahari iwe na tabia gani.

Sasa waondoe wazee. Weka mahali pao njia mbalimbali za kugawa fedha kwenye hisa, ile iliyochuma zaidi ipewe uzito zaidi: ndivyo alivyofanya Thomas Cover mwaka 1991. Weka mifano ya kufundishia mashine, ule unaoitatiza uongezwe uzito: hiyo ni mbinu ya Freund na Schapire, iliyopata Tuzo ya Gödel, tuzo ya nadharia ya kompyuta, mwaka 2003. Weka hatua za mchezaji anayepambana na mwenzake, na polepole utakaribia suluhisho la mchezo ambalo mwanahisabati John von Neumann alithibitisha mwaka 1928 kwamba lipo. Aliyeielewa hesabu hii hahami fani. Anabeba zana zake zile zile.

Hiyo nadharia ya michezo ni bao? – Mvuvi, Shela

Bao limo, na soko lako pia limo. Mkipeleka samaki wote Amu, bei inaanguka. Mkikimbilia wote Shela, huko nako inaanguka. John Nash, katika tasnifu yake ya kurasa 28 ya mwaka 1950, alichunguza hali ambayo hakuna anayefaidika kwa kubadili njia peke yake. Ilimpatia Nobeli mwaka 1994.

Nianze na nini? Sina kompyuta. – Yule yule wa kidato cha nne

Shika matriki, vekta na uwezekano, ufanye kwa mkono. Kisha chukua daftari, uchore safu 5, uwaulize wazee watano wa hapo ufukweni kila alfajiri kwa siku 30. Jioni kata nusu panapostahili. Niletee daftari hilo nilisome.