Jibu: nauza unga kila siku lakini pesa haibaki

Yambo mama. Unasema wateja wako pale soko ya Kenya, hapa kwetu Lubumbashi, lakini mwisho wa mwezi mfuko ni mtupu, na unaanza kujiona hauna bahati. Wachana na bahati kwanza. Angalia hii: unga wako unatoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, unanunua kwa dola unauza kwa franka ya Kongo, basi franka zikilala nyumbani na dola ikipanda, mtaji umepungua na haujala kitu. Mimi jioni nabadilisha pesa ya mtaji kuwa dola palepale, kwa faida najilipa mshahara mdogo, bukari (ugali) ya watoto na likelemba (mchango wa kupokezana kwa zamu) vyote vinatoka humo, havigusi gunia. Madeni ya majirani sasa, hapo sijui nikwambie nini, hata mie yananishinda.