Katheta inayopokea dawa lakini hairudishi damu

Dada, pole kwa safari ndefu ya matibabu ya mwanao. Umeuliza kama ni salama kuendelea kuitumia katheta ya Hickman (mrija laini unaopitisha dawa hadi kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo) ya mtoto wa miaka minne ambayo inapokea dawa bila taabu lakini damu hairudi ikivutwa, na kama kusukuma kwa nguvu kunaweza kuizibua. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi katika wodi ya watoto wenye saratani, na swali lako la pili nalijibu kwa neno moja: hapana. La kwanza linahitaji maelezo.

Mara nyingi chanzo ni utando wa faibrini, yaani nyuzi za protini zinazogandisha damu, unaojijenga kwenye ncha ya mrija na kufanya kazi kama vali: dawa ikisukumwa utando husogea, damu ikivutwa hurudi kuliziba tundu. Lakini dalili hiyo hiyo huonekana pia pale ncha inapokuwa imehama na kuegemea ukuta wa mshipa, mrija unapojikunja chini ya ngozi, au, baya kuliko yote, unapokuwa umepasuka ndani na dawa inamwagika nje ya mshipa. Dawa za saratani kama vinkristini na doksorubisini huharibu vibaya nyama zikivuja, kwa hiyo haifai kubahatisha ni sababu ipi kati ya hizo. Katika wodi yetu dawa za aina hiyo zilisubiri mpaka damu irudi au daktari athibitishe kwa picha kwamba mrija ni mzima na ncha yake ipo mahali pake.

Uchunguzi huanza na mambo mepesi: kibanio kilichosahaulika kikiwa kimefungwa, mrija uliokunjwa chini ya plasta, mshono unaobana. Baada ya hapo mtoto hubadilishwa mkao. Alale chali, ageuze shingo, ainue mkono, akohoe. Hapa naomba uwe makini sana. Ikiwa damu inarudi tu anapoinua mkono, wapo watakaofurahi na kuendelea na kazi, ilhali hiyo ni habari ya kumfikishia daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda mrija unabanwa kati ya mfupa wa mtulinga na ubavu wa kwanza, na mrija unaobanwa hivyo kila mkono unapotembea hulika taratibu mpaka ukakatika, kisha kipande chake kikachukuliwa na damu hadi moyoni au kwenye mishipa ya mapafu. Eksirei ya kifua huweza kuonyesha mbano huo kabla mambo hayajafika huko.

Mrija ukithibitika kuwa mzima na ncha iko mahali pake, huwekwa alteplesi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ikaachwa ndani ya katheta kwa dakika 30 hadi saa mbili, kisha ikavutwa na kutolewa. Haisaidii kitu ikiwa kilichoziba ni chembe za kalsiamu na fosfati kutoka kwenye lishe ya mshipani.

Kuhusu nguvu, bomba dogo la sindano hutoa shinikizo kubwa kuliko bomba pana hata kama kidole kinasukuma vilevile, ndiyo maana tunatumia la mililita 10 au zaidi. Ukinzani ukihisiwa, mkono husimama. Kulazimisha kunaweza kupasua mrija au kulisukuma bonge la damu.

Nyumbani, weka kibanio cha akiba karibu na mtoto wakati wote. Mrija ukikatika nje ya mwili, bana kati ya palipokatika na kifua, kisha nendeni hospitali mara moja. Akianza kuhema kwa shida, mlaze ubavu wa kushoto kichwa kikiwa chini wakati mnatafuta msaada. Ukiona kile kipete cha kitambaa kinachokaa chini ya ngozi kimetokeza nje, mrija umeteleza: usiurudishe ndani, uzuie kwa plasta na usiruhusu utumike.

Tafadhali tueleze kama katheta iliingizwa kupitia shingoni au chini ya mtulinga, kwa kuwa mbano niliouelezea huwapata hasa waliowekewa chini ya mtulinga. Tueleze pia iliwekwa lini, maana mtoto hurefuka na mrija haurefuki, na ncha iliyokuwa imekaa vizuri karibu na atiria ya kulia (chumba cha juu cha moyo upande wa kulia) huweza kupanda juu kadiri anavyokua.