Nani alizitunza picha?

Swali lenu la wiki hii linasema: jumba la makumbusho la mchoraji mmoja tu linastahili kiingilio, au ni heri mtu aende penye wachoraji wengi? Mimi naishi Uholanzi, na wageni wakija kutoka nyumbani lazima niwapeleke Museumplein, Amsterdam, kwenye jumba la mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh. Kwa hiyo nina la kusema, na nilipoanza kuandika nilikuwa nimeshaamua kusema hapana.

Hoja yangu ilikuwa kwamba ukimpa mtu mmoja jumba zima, unamfanya walii. Watu wanapanda ghorofa baada ya ghorofa wakifuata maisha yake, na wakishuka wanakumbuka sikio alilojikata kuliko picha hata moja. Aliojifunza kwao na waliochora pamoja naye wanabaki kuwa mashahidi wa habari zake. Halafu umati wenyewe! Mbele ya picha yake ya Alizeti hupati nafasi ya kutulia.

Lakini siwezi kuandika hayo bila kumkumbuka mama mkubwa. Alikuja kumtembelea binti yake, nami nikampeleka. Ni mkulima wa viazi mviringo kule Uporoto, na makumbusho ya picha hakuwahi kuingia. Zile sura ambazo Van Gogh alijichora mwenyewe alizipita tu. Alipofika kwenye picha ya Wala Viazi, iliyochorwa Nuenen mwaka 1885, akagoma kuondoka. Ni picha ya giza, rangi yake ya udongo udongo, watu watano wamezunguka meza chini ya taa moja. Alianza na mikono. Vidole ni vya mifupa mitupu, viungo vimetokeza. “Hawa viazi wamechimba wenyewe,” akasema. “Angalia vidole, mwanangu. Hii si mikono ya kununua sokoni.” Kutoka hapo akahamia kwenye sahani, viazi vinatoa mvuke, mchuzi hamna. Yule mama wa kulia anayemimina kahawa akamtaja kuwa ndiye mwenye nyumba, kwa sababu wenzake wanakula, yeye macho yako kwenye vikombe. Binti aliyetupa mgongo naye akamwonea huruma: “Huyu anasubiri wakubwa waanze.” Mlinzi akatuomba turudi nyuma kidogo, maana kidole chake kilikuwa kimeisogelea mno picha. Akarudi hatua moja, akaendelea.

Nikamweleza kwamba Vincent alimwandikia mdogo wake, Theo, kuhusu picha hiyo hiyo. Alitaka ionekane wazi kuwa mikono wanayoitia sahanini ndiyo iliyochimba ardhi. Mama mkubwa hakushangaa hata kidogo. “Kama hakutaka tuone, angeichora ya nini?”

Baada ya hapo alipanda juu kama mtu anayemjua mchoraji huyo. Kwenye tawi la mlozi lenye maua, chini ya anga la samawati, aliniuliza limechorwa kwa ajili ya nani. Kwenye jumba la wachoraji hamsini sidhani kama angeuliza hivyo. Na jibu lipo: lilichorwa kwa ajili ya mtoto wa Theo, aliyezaliwa Januari 1890 akapewa jina la Vincent. Mwezi Julai mchoraji akafa. Januari iliyofuata Theo naye akafa. Mjane, Jo, akabaki na mtoto ambaye hata mwaka hajatimiza, na mamia ya picha ambazo wanunuzi wake walikuwa wachache. Akafungua nyumba ya wageni huko Bussum ili apate cha kula. Baadhi ya picha aliuza, tena kwa kuchagua, zilizo bora nyingi akazishika, akaziazima kwenye maonyesho, na mwaka 1914 akachapisha barua za Vincent kwa Theo. Mtoto yule wa mlozi akawa mhandisi, na mwaka 1962 mkusanyo ukakabidhiwa kwa wakfu, serikali nayo ikajenga jumba. Lilifunguliwa 1973.

Hapo ndipo swali lenu linaponiuma. Sisi tulikuwa na Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyechora kwenye hadibodi kwa rangi ya baiskeli, na biashara ikafanyika pale Morogoro Stores, Dar es Salaam, mnapopajua. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi Dar es Salaam wakidhani ni mhalifu. Kazi ya miaka michache tu, na nyingi zilinunuliwa na wageni zikaondoka nao. Siwalaumu ndugu zake. Anayechora ili watoto wale leo jioni atabakiza ubao upi ukutani? Jo alikuwa na vyumba vya kupangisha. Bila vyumba vile, sijui kama tungekuwa na jumba la kulijadili.

Basi nendeni. Kiingilio si kidogo, na tiketi hununuliwa mapema mtandaoni kwa saa maalumu, kwa hiyo msifike mlangoni mkabishana. Picha yake ya Usiku wa Nyota msiitafute pale, uko New York. Na rangi mnazoziona zingine si zile alizopaka: kuta za chumba chake cha kulala zilikuwa za zambarau, wekundu umefifia, umebaki ubuluu.

Ila siku Dar ikijenga jumba la Tingatinga, nisingependa liwe lake peke yake. Wawemo wanafunzi wake Simon Mpata, January Linda na Omari Amonde, wawemo na wanaochora Morogoro Stores hivi leo. Najua ndivyo ninavyorudi kwenye jumba la wengi nililoanza kulitetea, na kwa Amsterdam bado nasema ndiyo. Sharti langu ni kila ubao uandikwe jina la aliyeuchora na mwaka, maana nyingi tumeziuza kwa jina moja tu, Tingatinga.