Nim, take na mguu uliokufa ganzi: maswali yenu

Juzi niligusia kitenzi cha Kiingereza cha kale, nim, maana yake kuchukua, na maswali yamekuja mengi kweli, najibu haya kwanza.

Hiyo nim ni Kiingereza kweli? Nimesoma mpaka fomu siksi sijawahi kuiona.

Ni Kiingereza kabisa. Kabla ya 1066, mwaka Wanormani kutoka Ufaransa walipoiteka Uingereza, Waingereza walikuwa wanasema niman, hicho ndo kilikuwa kitenzi chao cha kila siku, kama sisi tunavyosema chukua bila hata kufikiria. Take ndo mgeni! Ililetwa na Waviking, mabaharia wavamizi waliotoka Denmark na Norwe wakalowea kaskazini na mashariki mwa Uingereza, kwao ilikuwa taka (sio taka yetu hii), sasa watu wakakaa pamoja, wakaoana, wakauziana mifugo, na maneno mawili ya kazi ileile ni kama mafahali wawili zizi moja, lazima mmoja atoke. Ikatoka nim, ila kusini ndo walikawia kuiacha, Kent kule kusini-mashariki miaka ya 1300 bado walikuwa wanaitumia.

Ilikufa kabisa, au imejificha mahali?

Hapa ndo napapenda. Ukikalia mguu vibaya ukafa ganzi, Mwingereza anasema numb, na hiyo numb ni nim yenyewe, zamani ilikuwa numen, "iliyochukuliwa", yaani kuna kitu kimeuchukua mguu, hauko na wewe tena. Sasa sikiliza sisi tunavyosema: mguu umeshikwa na ganzi. Umeshikwa! Hatukuiga kwao wala wao hawakuiga kwetu, ila kila mmoja kwa wakati wake aliuangalia mguu wake akaona kuna kitu kimeudaka. Mimi nilivyoligundua hili nilikaa nalo siku nzima.

Alafu kuna nimble, mwepesi, ambayo zamani ilikuwa mtu mwepesi wa kudaka. Kwa hiyo hao ni ndugu, mmoja amechukuliwa, mwingine ndo anachukua.

Mbona b ya nimble inatamkwa, ya numb haitamkwi?

Zote mbili hazikuwepo mwanzo. Ya nimble imezaliwa mdomoni, jaribu kutamka m na l harakaharaka uone, midomo ikiachana tu b inachomoza yenyewe. Ya numb ni ya kalamu, waandishi waliipachika kama walivyoipachika kwenye thumb na crumb, mdomo haukuihitaji.

Na namba je?

Hapana, hiyo ni Kilatini, numerus, ikapitia kwa Wafaransa.

Nimesikia nim ni kuiba. Tofauti yake na steal ni nini?

Ni kweli, ila hiyo maana ilishika baadaye. Take ilipoifukuza kwenye lugha ya kawaida, ikabaki mtaani, miaka ya 1600 ku-nim ilikuwa kuchomoa kitu cha mtu kimyakimya. Steal ina uzito wa kosa na mahakama, nim iko karibu na kudokoa kwetu. Shakespeare kwenye tamthilia yake ya Henry V ana askari anaitwa Nym, jina tu lilitosha kumwambia mtazamaji wa London kwamba huyu mkono wake sio mzuri, na mwishowe tunasikia amenyongwa.

Kiswahili tuna kitenzi kilichopatwa na hali hiyo?

Kutwaa. Nani siku hizi anamwambia mtoto twaa kikombe? Tunasema chukua. Lakini timu inatwaa ubingwa, na msibani tunaambiwa Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Ila mwenendo ni tofauti, nim ilishuka mpaka kwa wezi, twaa yetu imepanda, imebaki kwa makombe na kwa Mungu, na naomba tusiiache hata huko.

Najifunza Kijerumani, nehmen ndo hiyohiyo?

Ndo hiyohiyo, wao hawakuiacha. Linganisha: niman, nam, numen ya Kiingereza cha kale, na nehmen, nahm, genommen ya kwako. Ukisema genommen darasani, hapo uko jirani kabisa na numb.