Ukimsoma Andronikos, usiishie kwenye kutoroka kwake

Kila ninapofundisha historia ya Milki ya Bizanti, yaani Dola ya Kirumi ya Mashariki, wanafunzi humpenda Andronikos Komnenos kabla kipindi hakijaisha. Siwalaumu. Binamu yake, Kaisari Manuel wa Kwanza, alimfunga katika kasri la mji mkuu, Konstantinopoli. Andronikos akagundua njia ya kale ya chini kwa chini, akajipenyeza humo na kuliziba tundu. Walinzi wakakuta chumba kitupu, wakamfunga mkewe mahali pake. Usiku, mume akachomoza kutoka chini.

Kifurahie kisa hicho, kisha ruka hadi mwaka 1182. Nimeona kwamba anayemfuata kwanza katika kutangatanga kwake Antiokia, Yerusalemu, Dameski na Georgia huufikia utawala wake akiwa tayari ni wakili wake.

Manuel alifariki mwaka 1180, akamwachia kiti mwanawe Alexios wa Pili, mtoto wa miaka 11. Andronikos akaja akijitangaza mlinzi wa yatima huyo. Mwaka 1182 Walatini wa mjini, yaani Wakatoliki kutoka Ulaya Magharibi, walichinjwa, hata wagonjwa waliokuwa vitandani. Mama wa mtoto, Maria wa Antiokia, akahukumiwa kifo, na aliyelazimishwa kutia saini ni mwanawe. Mwaka uliofuata Alexios naye akanyongwa kwa uzi wa upinde, maiti ikatupwa baharini. Andronikos, mzee wa miaka zaidi ya 60, akabaki peke yake kwenye kiti, akamwoa mjane wa marehemu, Agnes wa Ufaransa, msichana wa miaka kama 12.

Sasa ndipo usome mema yake, kwa kuwa nayo ni ya kweli. Alikomesha kuuza vyeo. Aliwalipa watawala wa majimbo vizuri ili wasiwakamue wakulima. Waliozoea kupora meli zilizovunjika pwani aliwatisha kwamba watatundikwa kwenye mlingoti wa meli ileile. Mkulima alipata nafuu, wala mimi simnyimi Andronikos sifa hiyo. Ila sikubali itumike kulipia damu ya Alexios.

Mwaka 1185 Wanormani wa Sicily waliiteka Thesalonike, mji mkubwa wa milki, na Septemba umma wa Konstantinopoli ukamtawaza Isaac Angelos. Andronikos alikatwa mkono, akang'olewa jicho, akazungushwa mjini juu ya ngamia na kuuawa kwenye uwanja wa mashindano ya farasi.

Habari hizi nyingi tunazipata kwa Niketas Choniates, aliyeishi wakati huo. Msome, ila kumbuka alipanda vyeo vikubwa chini ya ukoo wa Angelos, uliomrithi Andronikos.