Mwisho wa Hadithi Fupi Hutafutwa Ndani ya Hadithi

Kila ninapopokea muswada wa hadithi fupi kutoka kwa mwandishi chipukizi, huwa natarajia kwamba matatizo makubwa nitayakuta katika kurasa mbili za mwisho. Mwanzo huwa umeandikwa kwa bidii, wahusika wana uhai, mazungumzo yana ladha ya mtaani, halafu ghafla mwandishi anaanza kukimbia: basi linapinduka, polisi wanafika, mhusika mwovu anapelekwa gerezani, au mhusika mkuu anazinduka kitandani na kugundua kwamba yote yaliyosimuliwa yalikuwa ndoto. Nimesoma ajali nyingi za aina hiyo, kiasi kwamba siku hizi nikiona safari ya basi inatajwa karibu na ukurasa wa mwisho, naanza kuwahurumia abiria.

Baada ya miaka mingi ya kuandika na kuhariri hadithi fupi, nimefikia maoni kwamba miisho ya namna hiyo haitokani na uvivu. Hutokana na mwandishi kutojua hadithi yake ilikuwa inauliza nini. Tofauti na riwaya, hadithi fupi haina nafasi ya kubeba maswali mengi. Kwa kawaida huwa na swali moja ambalo msomaji huanza kulibeba tangu aya za mwanzo, hata kama hawezi kulitamka. Mwisho unaoridhisha ni ule unaolijibu swali hilo kwa kutumia vitu ambavyo tayari vimo ndani ya hadithi. Basi likipinduka, hujibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Sehemu ya lawama naielekeza kwenye insha za shuleni. Wengi wetu, hasa waliosoma Kenya, tulijifunza kusimulia kupitia insha ya methali: unapewa methali, unatunga kisa kinachoithibitisha, na katika aya ya mwisho unarudi kwenye methali hiyo ili kuonyesha kwamba wahenga hawakukosea. Kwa mwalimu anayetaka kupima mpangilio wa mawazo, zoezi hilo lina faida zake. Tatizo ni kwamba jibu hujulikana kabla ya wahusika kupewa majina, na mtu aliyezoea kuandika hivyo kwa miaka yote ya shule huona aibu kuiacha hadithi bila kuifungia fundisho. Ndiyo maana hadithi nyingi ninazozisoma huwa zimekwisha aya moja au mbili kabla ya mahali mwandishi alipoweka nukta ya mwisho.

Wapo wanaosema kwamba tabia hiyo ni urithi wetu kutoka kwenye ngano. Sikubaliani nao, na hoja yangu naijenga juu ya ngano ya Sultani Darai, ambayo mmisionari Mwingereza Edward Steere aliikusanya Unguja na kuichapisha London mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine za Waswahili. Maskini mmoja anaishi kwa kuchakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, na badala ya kununua chakula ananunua paa, jambo linalowafanya majirani wamcheke. Paa huyo anageuka kuwa mwerevu kupita watu wote walio katika kisa hicho: anapata almasi, anaipeleka kwa sultani ili kumposea bwana wake, anampa bwana wake jina kubwa la Sultani Darai, anamwua nyoka aliyekuwa akimiliki jumba lenye mali, kisha anamweka bwana wake humo pamoja na mke. Halafu paa anaugua. Yule bwana, ambaye sasa hana anachokikosa, anaagiza mgonjwa apikiwe uji wa mtama, na hata kwenda kumjulia hali hataki. Paa anakufa na mzoga wake unatupwa kisimani. Mwisho wenyewe ni mfupi mno: mke anaota kwamba yuko nyumbani kwa baba yake, anaamka na kujikuta huko kweli, mume anaota kwamba anachakura jaani, anaamka na kujikuta huko kweli.

Tazama jinsi mwisho huo ulivyotengenezwa. Swali la ngano hii halikuwa kama maskini atatajirika, kwa sababu hilo hujibiwa mapema na kisa kinaendelea. Swali ni kama mtu aliyenyanyuliwa kutoka jaani atakumbuka aliyemnyanyua, na jibu lake linatoka pale anapotaja uji wa mtama. Kutoka hapo msimulizi hahitaji kuleta mhusika mpya, wala radi, wala kadhi wa kutoa hukumu. Jaa lilikuwepo tangu mwanzo, na mtama ulikuwepo tangu mwanzo, ila sasa vimebadilika uzito. Fundisho msikilizaji amelipata mwenyewe bila kusomewa.

Msomaji makini atanikumbusha kwamba nimetoka kuilaumu ndoto, kisha nikaisifu ngano inayomalizika kwa ndoto. Tofauti ni kubwa. Ndoto ninayoilaumu hufuta kila kitu ambacho msomaji alikubali kukiamini, na hivyo humdhulumu muda wake. Katika ngano ya Sultani Darai ndoto haifuti chochote. Paa alikufa kweli, ubaya ulitendeka kweli, na ndoto ni njia tu ya kumrudisha kila mtu mahali panapomstahili.

Ili nisibaki kwenye mambo ya kale peke yake, nitaeleza jinsi nilivyoutafuta mwisho wa hadithi yangu moja. Inamhusu Bi Mwanaidi, fundi wa kushona wa Tanga, ambaye alimwazima mdogo wake cherehani kwa muda mfupi ili ajipatie mtaji. Miaka ikapita, mdogo mtu akafanikiwa, cherehani haikurudi na wala haikuzungumzwa. Sasa binti wa mdogo mtu anaolewa, na mama yake anakuja kumsihi dada yake amshonee bi harusi gauni, kwa kuwa, anavyosema, hakuna mkono unaofanana na wake. Bi Mwanaidi anakwenda, anafunuliwa meza, na anajikuta ameketi mbele ya cherehani yake mwenyewe, ambayo anaitambua kwa kanyagio lililofungwa kipande cha mpira wa tairi alichokifunga kwa mikono yake.

Miisho iliyonijia kwanza ilikuwa ile inayomjia kila mtu. Mdogo mtu angeweza kupiga magoti na kuomba msamaha, jambo ambalo lingempendeza msomaji kwa dakika moja, lakini lingempa uamuzi wa hadithi mhusika ambaye hadithi si yake. Bi Mwanaidi angeweza kusimama siku ya harusi na kusema yote mbele ya wageni. Hapo ningepata kelele, lakini ningempoteza mwanamke niliyemjenga katika kurasa zote kama mtu asiyepaaza sauti. Nilipojiuliza kwa utulivu hadithi hii inauliza nini, niliona kwamba haiulizi kama cherehani itarudi. Inauliza kama Bi Mwanaidi ataendelea kuwa yule ambaye kila mtu ana hakika kwamba hatasema kitu. Baada ya hapo nilirudi nyuma na kuorodhesha kila kitu nilichokwisha kukitaja chumbani mle: gauni, mkasi, kanyagio, pini, uzi, bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini ambacho bila hicho cherehani haishoni), khanga aliyojitanda. Jibu lilikuwa kwenye orodha. Anashona gauni hadi pindo la mwisho, tena kwa ustadi wote, kwa sababu binti hana kosa. Anachomoa bobini, anaifunga kwenye ncha ya khanga yake, anaaga vizuri, anaondoka.

Kazi hiyo ya kuorodhesha ndiyo ushauri ninaoutoa mara nyingi zaidi kuliko mwingine wowote. Mwandishi aliyekwama hutazama mbele, akitafuta tukio jipya la kumwokoa, ilhali anachokihitaji huwa tayari kipo nyuma yake, kimetajwa kwa bahati katika aya ambayo hakuitilia maanani. Kama orodha haina kitu cha kufaa, basi tatizo liko katikati ya hadithi, na hakuna mwisho utakaolitibu.

Kuhusu mwisho wa kushtukiza, nitasema machache. Unaruhusiwa, mradi msomaji akirudi mwanzo akute kwamba dalili zilikuwa wazi. Mwandishi Mfaransa Guy de Maupassant, katika hadithi yake ya mwaka 1884 kuhusu mkufu wa kuazima, anawaacha mke na mume wakilipa kwa miaka 10 deni la mkufu wa faranga 36,000 walioununua badala ya ule uliopotea, kisha rafiki mwenye mkufu anafichua kwamba wake ulikuwa wa bandia, wenye thamani isiyozidi faranga 500. Mshtuko huo ni halali kwa sababu rafiki aliutoa bila kusita, sonara ambaye jina lake lilikuwa kwenye kasha alisema kwamba yeye aliuza kasha tu, na mwenyewe aliporudishiwa hakulifungua kasha atazame. Zaidi ya hayo, Maupassant ananyamaza hapo hapo. Hatuambiwi mke alilia au alicheka.

Lipo pia jambo la kisarufi ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni umbo la kitenzi cha mwisho. Kiambishi cha -ka- ndicho kinachoisukuma simulizi yetu mbele: akainuka, akachukua, akaondoka. Kwa sababu kazi yake ni kuunganisha tukio na tukio, sikio la msomaji likisikia -ka- hubaki likingoja linalofuata. Ngano humalizika kwa "wakakaa raha mustarehe" bila tatizo, kwa kuwa baada yake msimulizi ana maneno maalumu ya kufungia, yanayosema kwamba kisa kikiwa kizuri ni cha wote na kikiwa kibaya ni chake peke yake. Mwandishi wa leo hana mlango huo. Sentensi yake ya mwisho ikiwa "Akafunga bobini kwenye khanga", hadithi inaonekana kama imekatwa na mkasi. Ikiwa "Bobini ameifunga kwenye ncha ya khanga", tendo limekamilika na hali yake inabaki. Silifanyi jambo hili kuwa sheria, maana kuna hadithi zinazotaka kukatwa, lakini ni vyema mwandishi achague kwa kujua.

Hatua ninayoifanya mwisho ni kumpa mtu hadithi aisome bila maelezo yoyote. Simwulizi kama ameipenda, kwa kuwa watu wetu ni wapole na watasema ndiyo. Namwuliza mambo mawili: nini kimetokea, na anadhani nini kitafuata. Wasomaji wakihitilafiana kuhusu kitakachofuata, sina wasiwasi. Mmoja aliniambia kwamba Bi Mwanaidi ataituma bobini kabla ya fungate kwisha, mwingine akashikilia kwamba itatupwa baharini, na wote wawili walikuwa wameielewa hadithi. Wakihitilafiana kuhusu kilichotokea, hapo sijaacha mwisho wazi, bali sijamaliza kuandika. Mara nyingi ninachokirekebisha wakati huo si ukurasa wa mwisho, bali ile aya ya tatu au ya nne ambamo kitu kitakachobeba mwisho kilipaswa kutajwa kwa mara ya kwanza, tena kwa wepesi, kikiwa miongoni mwa vitu vingine, ili msomaji akione bila kukitilia shaka.