Jibu: Fleti tuliizoea, kazi ilikuwa riziki

Umeuliza watu wa hali ya chini waliohamishwa mabondeni wakapelekwa fletini waliishije wakati wa korona. Sisi tulitoka Ng'ambo, mjini Zanzibar, mwishoni mwa 2019, mimi, mama na wanangu, kwa hivyo nakujibu niliyoyaona.

Nyumba yenyewe haikutushinda. Masika ya 2020 yalipofika hatukupandisha magodoro mezani, na hilo peke yake tulimshukuru Mungu. Ila mie kule nilikuwa nauza vibibi, vile vimkate vya mchele na nazi, mlangoni, seredani (jiko la mkaa) nje, wapita njia ndio wateja. Ghorofa ya tatu nani apande kufuata kibibi? Ikaja Machi, watalii wakakatika, na wanaume wa mahotelini wakarudishwa majumbani karibu wote kwa mpigo. Mkaa ndani unafuka, gesi ghali, umeme wa Tukuza, yaani wa kulipia kabla, ukiisha umeisha. Kule mwenye duka angekuandika kwenye daftari kwa sababu anamjua mama yako. Huku wewe mgeni, lipa taslimu.

Tukaambiwa tunawe mikono na tukae mbalimbali. Umeme ukikatika pampu haipandishi maji, basi ni ndoo ngazini, na ngazi ni moja, nyembamba. Mbalimbali gani hiyo?

Kilichotusaidia ni kwamba ngazi yetu tulipangwa majirani watatu wa mtaa mmoja. Tukaanzisha upatu mdogo wa kila wiki. Ramadhani ilipoingia, mwishoni mwa Aprili, huyu alipika muhogo, yule maharage ya nazi, mimi vibibi, tukapelekeana milangoni kila mtu akafuturu kwake. Ngazi ya pili walichanganywa watu wasiojuana. Huko kila mlango ulifungwa, na wengine walipangisha fleti kimyakimya wakarudi Ng'ambo kukodi chumba. Halafu unasikia eti masikini hawajui kukaa fletini! Wanajua sana, ndiyo maana walipiga hesabu.

Tazama Michenzani, huko huko Ng'ambo, majumba ya enzi za Mzee Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar. Pita jioni uone biashara zilivyojaa chini. Mimi nami niliteremsha seredani baada ya kuzungumza na wenzangu wa jengo, na wateja wakarudi kidogo kidogo.

Kama wazee wako wamo kwenye orodha ya kuhamishwa, kabla hawajapokea funguo waulize mawili: ngazini tunapangwa na nani, na jiko la biashara litakaa wapi. Rangi ya ukuta wataizoea.